Kijana wa Gesi Ana Miaka Hamsini na Minane

Jua la asubuhi halijafika bado kwenye mlango wa jengo hili la ghorofa nne, na tayari mwanamume mmoja amesimama mbele yake, shingo nyuma, akilitazama kama mtu anayetazama sufuria aliyoisugua jana na leo imerudi na masizi yale yale. Baiskeli ameiegemeza ukutani. Nyuma ya baiskeli kuna mtungi wa gesi wa kilo sita, umefungwa kwa mpira wa tairi.

Anafungua mpira. Anajifunga mkanda mpana kiunoni na kuuvuta hadi anakunja uso. Mkono wa kushoto anaubana kwenye nyonga, wa kulia unaupandisha mtungi begani. Kilo sita ni za gesi tu; chuma chenyewe kina uzito wake, na ngazi hazina huruma na hesabu hizo.

Pale ngazi zinapokata kona ya kwanza, anapumzika. Kona ya pili, anapumzika zaidi. Juu kabisa mlango unafunguka, na sauti ya mwanamke mzee inashuka polepole kuja kumpokea.

“Kijana, umefika wapi?”

“Nipo njiani, mama.”

“Mbona kama umehamia huko?”

Kijana anatabasamu. Angecheka, ila pumzi ya kuchekea ameiweka akiba ya kupandia. Ana ndevu nyeupe, ana magoti yanayolia kama bawaba za mlango wa zamani, na ana miaka hamsini na minane.

Ndiyo, ndiye kijana. Hicho ndicho cheo chake. Mtu akiishiwa gesi anapiga simu dukani na kusema, “Nitumie kijana wa gesi,” na tangu zamani hakuna anayeuliza jina. Alikipata cheo hicho akiwa na miaka ishirini na sita, akijua ni cha kupita. Mwingine mdogo angekuja kukirithi, kama yeye alivyokirithi kwa aliyemtangulia. Huyo mwingine ama hajazaliwa, ama alizaliwa akahama.

“Mtaa huu mimi ndiye kitindamimba,” anasema. “Wote wakubwa zangu. Naamkia chini, naamkia juu, naamkia madirishani. Shikamoo, shikamoo, mpaka koo linakauka. Ya kuamkiwa mimi? Nikumbushe ndiyo inakuwaje.”

Hatii chumvi. Mwandishi wa makala haya alipomwamkia kwa mara ya kwanza, Kijana aligeuka nyuma kuangalia ni mzee gani anapita. Alipoona hakuna mtu alishikwa na haya, akajibu kwa mazoea: “Shikamoo.”

Huko maofisini jambo hili lina majina marefu. Husemwa kwamba wazee wanaongezeka, watoto wanaozaliwa wanapungua, na kuna michoro yenye mistari inayopanda na mingine inayoshuka. Hapa kwenye ngazi jambo hilo hilo lina jina fupi: hakuna wa kumtuma.

Zamani mtu mzima akiishiwa chumvi alisimama mlangoni akaita jina la mtoto yeyote, na mtoto yeyote aliitika, awe wake asiwe wake. Leo ukisimama mlangoni ukaita, atakayegeuka ni mzee mwenzako, tena ataudhika. Jengo hili lina nyumba kumi na sita. Watoto wamo wawili, na mmoja huletwa mwisho wa wiki tu, kama gazeti la michezo.

Kwa hiyo yule mmoja anayepanda na gesi ndiye anayetumwa yote.

Mlango wa ghorofa ya nne ni wa mwanamke wa miaka themanini na mmoja ambaye jengo zima humwita Bibi wa Juu. Kijana anaingia, anaweka mtungi chini taratibu, anafunga regyuleta, kisha anapaka povu la sabuni kwenye maungio. Anainama kusikiliza na kuangalia. Povu likichemka, gesi inavuja. Leo limetulia.

Kazi ya gesi imeisha. Kazi ya siku ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu Bibi wa Juu ameziweka shughuli zake pembeni zikimsubiri.

Kuna balbu ya chooni. Kuna kopo la kahawa ambalo kifuniko chake kimegoma. Kuna godoro la kugeuzwa upande wa pili. Na kuna sindano ya kutungwa uzi, ambayo Kijana hawezi kuliona tundu lake, basi huazima miwani ya Bibi wa Juu ili amtungie uzi Bibi wa Juu, ambaye kwa muda huo naye haoni kitu na hukaa akielekeza: “Kulia kidogo. Hapana, kulia kwako.”

“Mimi nilizaa sita,” anasema bibi huyo, akirudishiwa miwani yake. “Hao sita kwa pamoja wamenipa wajukuu wanne. Na kila mmoja kati ya wale sita anaamini kwamba mwenzake ndiye anayekaa karibu na mimi. Anayekaa karibu na mimi ni huyu wa gesi.”

Kijana anabeba mtungi mtupu begani. Kushuka, anasema, ndiko kubaya zaidi.

Duka la gesi liko mitaa miwili mbele, na mgeni akiingia hudhani amekosea mlango. Ukutani kuna tembo wa bluu, mkubwa, anayecheka. Kuna herufi a, e, i, o, u. Kuna mabomba ya kunawia mikono yaliyowekwa usawa wa goti. Hili lilikuwa darasa la chekechea, na mitungi imepangwa mistari miwili chini ya tembo, mifupi mbele mirefu nyuma, kama inasubiri kuimbishwa.

Mwenye duka ndiye aliyekuwa mwenye chekechea. Ana miaka sabini na bado anaitwa Mwalimu. Alianza na watoto zaidi ya sabini, hadi wengine wakakalia mikeka. Mwaka wa mwisho walibaki watano, na wawili kati yao walikuwa wajukuu zake.

“Nilikuwa na walimu watatu kwa watoto watano,” anasema. “Mtoto mmoja akipiga chafya, watu wazima wanne wanakimbia na leso. Nikasema basi, hii si shule, hii ni harusi.”

Wakati huo mzee aliyekuwa akiuza gesi alikuwa anafunga biashara kwa uchovu. Mwalimu akaichukua, mitungi pamoja na Kijana. Hakubadilisha rangi za ukuta, akisema rangi bado nzima. Wala hakubadilisha namna ya kusema na watu. Mteja akileta ubishi huambiwa akae chini, na wengi hukaa.

Hata biashara yenyewe imezeeka. Nyumba yenye watoto, anaeleza Mwalimu, mtungi mdogo ulikuwa haumalizi mwezi: uji asubuhi, maji ya kuoga, wali wa watu wanane. Siku hizi mteja ni mtu mmoja na birika lake. Mtungi ule ule unakaa miezi mitatu. Kijana hulipwa kwa mtungi anaopeleka.

“Watu wakizeeka, gesi haiishi,” anasema Kijana. “Halafu na mimi ninayeibeba nazeeka. Tunakwenda sawa.”

Koti lake analitundika kwenye misumari ya watoto, iliyo usawa wa kiuno. Kila msumari una picha yake. Yeye hutumia wenye picha ya kiatu, kwa kuwa ndio uliokuwa wa binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyepita katika darasa hili kabla halijawa ghala. Binti huyo sasa ana miaka thelathini na mmoja na anaishi mji mwingine.

Na ni huyo binti aliyepiga simu, miezi kama mitatu baada ya asubuhi ile ya ngazi, mwanzoni mwa wiki mambo yalipoharibika. Kijana alikuwa ananawa kwenye yale mabomba mafupi, akaiweka simu juu ya mtungi na sauti ikasikika duka zima.

“Baba, Jumatatu unakwenda?”

“Nakwenda.”

“Hata mwezi ule ulisema nakwenda. Na ule mwingine.”

“Mwezi ule kulikuwa na mitungi mingi.”

“Baba, utumbo wako unachungulia nje, wewe unaniambia habari za mitungi.”

Hapo ndipo siri ya ule mkanda mpana ilipotoka. Kijana ana ngiri ya nyonga. Miaka thelathini na miwili ya kunyanyua chuma imemtoboa ukuta wa tumbo, na sasa kila akibeba kitu kizito, sehemu ya utumbo inajitokeza kama yai chini ya ngozi. Yeye huisukuma irudi ndani kwa kidole.

“Kama kufungia kuku,” anasema. “Unamwambia ingia, anaingia. Ukigeuka, yuko nje.”

Daktari hakucheka. Alimwambia kwamba iko siku kuku huyo atabanwa mlangoni, utumbo utakosa damu, na hapo saa chache tu zinatosha kummaliza. Alimpangia siku ya kupasuliwa. Kijana hakwenda. Akapangiwa nyingine, hakwenda. Baada ya kupasuliwa angekaa miezi bila kunyanyua hata ndoo, na hakuna mtu mwingine wa kupandisha gesi.

“Bibi wa Juu nani atampelekea?” aliuliza simuni.

“Kwani wewe ni bomba, baba? Ukifungwa kidogo mtaa mzima unakauka?”

Mwalimu, ambaye hana tabia ya kusikiliza simu ya mtu bila kuchangia, alipaza sauti kutoka nyuma ya mitungi: “Na wewe huko, mjukuu wetu yuko wapi?”

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Yuko wapi?”

“Mwalimu, mimi nina baba huyo unayemwona. Nina baba mkwe na mama mkwe ndani ya nyumba, mmoja namlisha kwa kijiko. Nikirudi kazini nafua shuka. Huyo mtoto nimbebe kwa mgongo upi?”

Mwalimu alianza kufuta vumbi kwenye mtungi ambao haukuwa na vumbi.

“Sijasema kitu,” alisema.

Siku hiyo hiyo Mwalimu alibandika karatasi mlangoni, kwa mwandiko ule wa ubaoni: ANATAKIWA KIJANA WA GESI. AWE NA NGUVU NA ADABU. Akamwambia Kijana kwamba Jumatatu duka halitauza hata mtungi mmoja mpaka yeye awe kitandani hospitali.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee mwenye mkongojo. Alilisoma tangazo mara mbili, akaingia, akaketi.

“Nimeona mnatafuta kijana,” alisema. “Na mimi natafuta. Mkipata wawili, mmoja nipeni mimi.”

Wa pili alikuwa kijana kwelikweli, mwenye miaka ishirini na minne, mabega mapana. Mwalimu alifurahi hadi akamtolea kiti cha mtu mzima. Ikaonekana amekuja kuaga tu, maana bibi yake ni mteja; wiki iliyofuata alikuwa anasafiri kwenda nje, kazi ameshapata.

“Kazi gani?” Mwalimu akamuuliza.

“Kutunza wazee.”

“Kwani hapa wameisha?”

“Wapo, Mwalimu. Ila wa kule wana mshahara. Yaani, sisi tunaowatunza ndio tuna mshahara.”

Wa tatu alikuwa Dereva. Kwa miaka mingi aliendesha basi la shule ya msingi, mpaka shule ikaunganishwa na nyingine kwa kukosa wanafunzi na basi likauzwa. Ana miaka sitini na minne, mabega bado yapo, na kofia yake ya kazi hajaivua.

“Tangazo linasema kijana,” Mwalimu alimwambia.

“Huyu mliye naye ni kijana?” Dereva akauliza, akimnyooshea kidole Kijana. “Basi na mimi nimo.”

Akachukuliwa. Na hapo hapo tatizo ambalo hakuna aliyeliwaza likajitokeza: aliyekuja kufundishwa kazi ni mkubwa kuliko anayemfundisha.

“Namtumaje mtu ninayemwamkia?” anauliza Kijana, na hapa si utani, amekunja uso kweli. “Mkubwa wako humwambii peleka. Unamwambia shikamoo, samahani, kama una nafasi, kama mguu hausumbui. Nikimaliza hiyo hotuba, mteja ameshapiga simu mara ya pili.”

Zaidi ya hapo, Dereva aliyeendesha basi maisha yake yote hajui kuendesha baiskeli. Alikuwa anaisukuma kwa miguu na mtungi nyuma, kofia kichwani, akitoa ishara ya mkono kila kona.

Kuhusu Ijumaa, siku tatu kabla ya ile Jumatatu, Dereva ana maelezo yake, na Karani ana yake. Karani ni mstaafu wa ofisi za ardhi, anakaa ghorofa ya pili. Wanachokubaliana ni hiki: mtungi ulikuwa wa Bibi wa Juu, Dereva ndiye aliyeubeba, na Kijana alifuata nyuma mikono mitupu, kwa amri ya Mwalimu, ili aonyeshe tu jinsi ya kufunga.

Ghorofa ya pili Dereva alisimama kupumua, akautua mtungi ukingoni mwa ngazi. Karani akafungua mlango. Alipomwona mtu mzima mwenye kofia anahema na chuma, adabu zake zote alizolelewa nazo zikamjia kwa pamoja.

“Hapana, hapana,” alisema. “Mzee abebe na mimi nipo? Lete huku.”

“Mzee nani?” akauliza Dereva.

“Wewe mkubwa wangu. Lete.”

“Mimi mdogo kwako. Niache nibebe.”

“Mdogo wapi? Mimi ni wa mwaka ule wa mafuriko.”

“Hata mimi wa mafuriko. Lakini mimi wa mwisho wake, maji yanapungua.”

“Cheti changu kinasema mwezi wa nane.”

“Cheti chako kiliandikwa ili uingie shule.”

Ndivyo watu wawili wa miaka sitini na minne walivyosimama ghorofa ya pili wakigombania udogo, kila mmoja na mkono mmoja kwenye shingo ya mtungi, kila mmoja akitaka yeye ndiye awe na haki ya kutumika. Na kutoka juu ile sauti ikashuka: “Kijana, umefika wapi?”

“Nipo njiani, mama,” wakajibu wote wawili.

Wakaangaliana. Wakacheka. Katika kucheka, kila mmoja akaachia, akimwachia mwenzake kwa heshima.

Mtungi uliinama taratibu kuelekea chini. Kijana, ngazi tatu chini yao, hakuwaza. Aliudaka kwa kifua na mikono miwili, kama alivyofanya maelfu ya mara, akausimamisha. Kisha akakaa chini. Akapeleka kidole nyongani kumrudisha kuku ndani, na safari hii kuku hakuingia.

“Niliona rangi yake imeondoka,” anasema Dereva. “Nilishawahi kuona mtoto akibanwa kidole na mlango wa basi. Kabla ya kulia, wanakuwa hivyo. Ila huyu hakulia. Alisema tu, mtungi umekaa vizuri?”

Bibi wa Juu aliita tena mara mbili. Halafu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, alitoka nje ya mlango wake. Magoti yake hayashuki ngazi, basi alikaa na kuteremka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, gauni limejaa vumbi, hadi alipowakuta.

“Nilisikia kimya,” anaeleza. “Huyu hajawahi kuninyamazia.”

Karani alitoa kiti cha jikoni. Wakamkalisha, Dereva mbele, Karani nyuma, wakaanza kumshusha, na Bibi wa Juu akifuata kwa makalio yake huku akiwaambia waangalie kona. Walitaka kumlaza kidogo ili iwe rahisi. Yule aliyekuwa kitini alifungua macho.

“Mnibebe wima,” alisema. “Mtungi haulazwi.”

Gari lilikuwa la Karani, ambaye macho yake yameshamzuia kuendesha. Dereva alishika usukani. Kabla ya kuondoka alitazama kioo cha ndani na kuuliza, “Wote mmekaa?” Walikaa.

Alipasuliwa mchana ule ule. Utumbo ulikuwa bado mzima, lakini daktari alisema angefika jioni, habari ingekuwa nyingine. Daktari mwenyewe, anasimulia Kijana, alikuwa amestaafu na kurudishwa kazini kwa kukosa wa kushika nafasi yake. Mkono wake ulitetemeka akinywa chai na ukatulia akishika kisu.

Wodi ilikuwa na vitanda sita na wazee watano. Usiku wa kwanza, mrija wa dripu ukiwa bado mkononi mwake, wa kitanda cha pili aliita.

“Wewe kijana, hebu nisogezee hiyo glasi.”

Alimsogezea. Muuguzi alimkuta akiwa amening'inia nusu nje ya kitanda, akamsema mpaka wodi nzima ikaamka. Binti yake, aliyesafiri usiku kucha kuja kumwona, alikaa pembeni ya kitanda na kulia kidogo, kisha akalala kichwa kikiwa juu ya blanketi la baba, mpaka alipopigiwa simu kwamba mama mkwe amekataa kula mpaka arudi yeye.

Sasa ni mwezi wa pili tangu apasuliwe. Kijana anakaa dukani kwenye kiti cha chekechea, magoti karibu na kidevu, mbele ya simu. Haruhusiwi kunyanyua kitu, na daktari hakuficha kwamba huenda ikawa moja kwa moja. Amepungua. Mkanda mpana umetundikwa kwenye msumari wa kiatu.

Dereva anafikisha mtungi ghorofa ya pili. Kuanzia hapo Karani anaupokea, anapanda ngazi moja, anautua, anapanda nyingine, na Bibi wa Juu anamhesabia kwa sauti kutoka juu. Akifika, hukaa jikoni kwa bibi huyo mpaka moyo utulie, na tayari sindano inamsubiri.

“Haya si maendeleo,” anasema Mwalimu. “Tumekwama kwa zamu, basi. Karani naye akianguka, tutamsukumia nani?”

Kijana ana mpango, na amekuwa akiufikiria tangu wodini. Nje ya duka bado umesimama mlingoti wa bendera ya chekechea, wenye roda juu yake, kigurudumu cha chuma cha kupitishia kamba, na kamba yenyewe. Bendera yenyewe ililiwa na panya. Anataka roda ishushwe, fundi wa kuchomelea aifunge kwenye boriti juu ya uwazi wa ngazi, na mtungi upande wenyewe ukiwa kwenye kikapu cha chuma, umefungwa wima, mtu akivuta kamba kutoka chini. Mwalimu ameutoa mlingoti, kwa sharti kwamba kamba ijaribiwe kwanza kwa mfuko wa mchanga wenye uzito mara mbili, na kwamba hakuna atakayesimama chini ya kikapu. Fundi amesema atakuja. Naye ana miaka sitini, na mgongo unamsumbua, kwa hiyo hakusema lini.

“Roda ikikaa, mtu havunjiki tena,” anasema Kijana. “Hata mzee ataweza kuwa kijana wa gesi.”

Na yeye je?

Anafikiri. Anajikuna ndevu.

“Mimi ningependa kidogo niwe mzee,” anasema. “Sijawahi. Watu wengine wanauchukia uzee, mimi sijapewa nafasi ya kuuchukia.”

Simu inalia. Sauti ya mwanamke, ya ghorofa ya kwanza: atumiwe kijana wa gesi, maji ya chai yamekatikia njiani. Kijana anamjibu kwamba anakuja, anaweka simu chini, na anamgeukia Dereva, aliyekaa mlangoni kofia kichwani akiisubiri ile hotuba ndefu ya samahani na kama mguu hausumbui.

“Shikamoo, Dereva,” anasema Kijana. “Ghorofa ya kwanza. Mtungi mdogo.”

Hotuba imeishia hapo. Dereva anasimama polepole, mkono mmoja kiunoni, anachagua mtungi kutoka mstari wa mbele.

“Marahaba, mzee,” anajibu, na anatoka akisukuma baiskeli.

Kijana anageuka nyuma kuangalia ni mzee gani aliyeambiwa. Nyuma yake hakuna mtu, ila tembo wa bluu ukutani.